Seva za wenye vinu zisingoje mavuno

DODOMA – Bei ya alizeti hupanda na kushuka, na kila mwenye kinu huifuata kwa macho mawili. Safari hii tuiache bei pembeni, tuzungumzie chombo ambacho kikilala katikati ya msimu hata bei nzuri haitasaidia: seva iliyoko ofisini, inayotunza mizani, stoo, madeni ya wakulima na hesabu za kodi.

Mfanyabiashara wa Dodoma, Singida au Kibaigwa anayeweka seva yake mwenyewe ana sababu ya msingi. Programu iliyo ndani ya ofisi haiulizi kama intaneti ipo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote. Mwenye seva chumba cha pili angeweza kuendelea kupokea magunia. Hata hivyo, uhuru huo una gharama. Hakuna mwingine wa kuihudumia seva hiyo, na kazi inayoahirishwa kuliko zote ni kubadili toleo la mfumo wa uendeshaji.

Tarehe za mwisho zimekwisha kupita. Windows Server 2012 ilifikia kikomo cha kawaida Oktoba 10, 2023. CentOS 7, mfumo wa bure uliotoka mwaka 2014, ulifungwa Juni 30, 2024. Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida Mei 2025. Siku hiyo ikifika seva haizimiki, na hapo ndipo mwenye mali hudanganyika. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama. Tundu likigunduliwa baadaye halizibwi tena, na wezi wanaofunga mafaili ya watu na kudai fedha hulijua. Ndani ya seva mna majina na namba za simu za wakulima, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mtunzaji azilinde. Mna pia kumbukumbu za kodi zinazotakiwa kuwekwa miaka mitano.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Ubuntu hakuna kuruka kituo: kutoka 20.04 unakwenda kwanza 22.04, ndipo 24.04. Mfumo wenyewe kwa kawaida hufika salama. Kinachoanguka njiani ni programu ya biashara. Toleo la 20.04 lilikuja na PHP 7.4, 22.04 ina 8.1, na 24.04 ina 8.3. Programu iliyoandikwa na kijana fulani miaka sita iliyopita, ambaye siku hizi hapokei simu, inaweza kukataa kufunguka kwenye PHP mpya. Hifadhidata nayo hubadilika: PostgreSQL hutoka 12 hadi 14, kisha 16, na taarifa za zamani hazihamii zenyewe bila fundi kuzihamisha.

Kwa hiyo ukurasa huu unashauri jambo moja kabla ya mengine yote. Tafuta kompyuta nyingine, hata iliyotumika, weka toleo jipya, rudishia humo nakala ya akiba, kisha mkalishe karani wa mizani aandike stakabadhi za majaribio kutwa nzima. Ikikwama, imekwama pembeni na kinu kinaendelea. Kwa mwenye CentOS 7 njia hii ni bora zaidi, kwani anahamia mfumo mwingine, mathalani AlmaLinux au Rocky Linux.

Anayehitaji nafasi ya kujipanga anaweza kujiandikisha Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mashine zisizozidi tano, na 20.04 yake ikaendelea kupata marekebisho hadi 2030. Programu kuukuu itabaki kuukuu, lakini angalau mlango utakuwa umefungwa.

Fundi wa Dar es Salaam atasema anaweza kufanya yote kwa mbali. Huenda akaweza, lakini seva ikigoma kuwaka, lazima awepo mtu Dodoma mwenye kioo, kibodi na ufunguo wa chumba. Betri ya akiba nayo ipimwe kabla, maana umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza kubaki nusu hivi, nusu vile.

Kuhusu tarehe, wanunuzi wa alizeti wana nafasi nzuri Februari na Machi, mbegu zikiwa bado shambani na pilikapilika za Mei na Juni hazijaanza. Wanunuzi wa zabibu wasiige, kwani miezi hiyo kwao ni ya mavuno. Afadhali Mei au Juni. Wote waikwepe wiki inayoishia tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT. Jumamosi jioni baada ya kufunga mizani inafaa, ili Jumapili nzima ibaki ya kurekebisha kabla magunia ya Jumatatu hayajafika getini.