Kliniki ya Kutembea na Kadi ya Mtoto

Wamama wenzetu, mwaka 2014 watu zaidi ya 400,000 katika Katanga walikuwa wamekimbia vita, wakiwemo jirani zetu wa Mitwaba, kaskazini ya Likasi. Kwa mama aliye porini, kituo cha afya kiko mbali. Ndiyo maana tunaitaka kliniki ya kutembea: muuguzi, dawa za malaria, chanjo ya surua, utepe wa kupima mkono. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, mtoto yuko hatarini. Miguu ikivimba, tusiseme amenenepa. Hiyo nayo ni njaa.

Lakini gari huondoka. Kadi tuifunge ndani ya kitenge: aliyechanjwa surua kwa miezi 6 lazima arudie kwa miezi 9, na muuguzi wa huko atakuwa mwingine.