Je, Wajua? Sauti za Petite Barrière zina wafadhili

Mei 2021, Mozilla, taasisi isiyo ya kibiashara, ilitangaza kupata dola milioni 3.4 ili kompyuta zifundishwe kusikia Kiswahili. Fedha zilitoka Wakfu wa Bill na Melinda Gates, shirika la GIZ la Ujerumani na serikali ya Uingereza.

Kazi yenyewe hufanywa na watu wa kawaida kupitia mradi wa Common Voice. Unasoma sentensi moja kwenye simu, wengine wanaisikiliza na kuithibitisha, kisha inaingia kwenye hazina ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bure. Kinyarwanda kilitangulia: kampuni ya vijana wa Kigali, Digital Umuganda, ilihamasisha wasomaji hadi zikapatikana zaidi ya saa 2,000 za sauti.

Sasa simama Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, ambapo kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kwa miguu. Mama mwenye beseni la nyanya anapatana na mwenzake kwa Kinyarwanda, halafu anamgeukia mteja wa Goma kwa Kiswahili chenye Kifaransa ndani yake. Mashine iliyozoea Kiswahili cha redio ya Dar es Salaam itamsikia nusunusu tu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ruzuku ina thamani kubwa zaidi, kwa sababu hakuna kampuni itakayokimbilia kurekodi lugha ya wachuuzi wa mpakani. Mfadhili anaweza, na fedha hizo si nyingi.