Sakania: Bastola ya zamani inalenga vizuri, shida ni resori

Mzee mmoja aliyekuwa askari, mkaaji wa Sakania, kwenye mpaka na Zambia, anamiliki kwa kibali bastola ya Browning GP 35. Hakupenda jina lake litajwe. Kwa miaka mingi haikumwangusha, hadi risasi zilipoanza kukwama. Alifikiri bastola imezeeka. Kumbe ni resori ya kisanduku cha risasi iliyolegea, haisukumi tena risasi juu kwa wakati.

John Browning, Mmarekani, ndiye aliyeanza kuichora. Alifariki Ubelgiji mwaka 1926. Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, kule Herstal, akaimaliza, ikatoka 1935. Inabeba risasi 13 za milimita 9, nyingi sana kwa wakati ule.

Kuhusu kulenga, mzee hana lawama, ila kifyatulio ni kizito. Sababu inajulikana: kuna kizuizi kinachokataza bastola kupiga kisanduku kikitolewa, nacho kinajisugua kwenye kisanduku kila unapovuta. Wengine wanakiondoa ili kifyatulio kiwe chepesi. Yeye amekataa, na tunamwelewa: kisanduku kikitoka, risasi moja inaweza kubaki kwenye mtutu, na nyumbani mwake kuna wajukuu.

Mwaka 2022 FN ilitoa bastola mpya ya jina hilo, bila kizuizi hicho. Lakini visanduku vyake haviingii katika ile ya zamani, kwa hiyo mzee bado anatafuta resori.