Kumbukumbu za Waqfu ni Amana: Namna ya Kuzihifadhi na Kuzirejesha

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad,

Kamati za misikiti na madrasa hutuuliza vipi wahifadhi hati za waqfu na daftari za michango zilizomo ndani ya kompyuta ya ofisi. Jawabu letu: kompyuta moja haitoshi. Ikiungua au ikiibiwa, haki za watu zimepotea. Na aya ya deni (Al-Baqara: 282) imetufundisha kuwa haki huandikwa.

Baada ya mahafidh wengi kuuawa Yamama, Abubakar (R.A.) alimuamrisha Zayd bin Thabit (R.A.) aikusanye Qur'ani. Kurasa zile zikaishia kwa Bibi Hafsa (R.A.). Uthman (R.A.) alipozihitaji aliziazima, zikanakiliwa, na misahafu ikapelekwa miji mbalimbali. Nakala ziwe nyingi, zikae mbalimbali, na ziweze kurejewa.

Wataalamu husema: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Hiyo ya nje yafaa iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ambamo kila faili hukaa kwa jina lake ndani ya fungu liitwalo baketi. S3 ya Amazon, iliyoanza mwaka 2006, ni mfano mmoja.

1. Fungueni baketi, na iwe ya siri, isionekane na umma.

2. Washeni utunzaji wa matoleo, ili faili likifutwa kwa makosa lile la zamani libaki.

3. Yafungeni mafaili kwa nywila kabla ya kuyapeleka. Waijue waaminifu wawili, na isiandikwe kwenye kompyuta ile ile.

4. Mukitumia programu huria ya rclone, pelekeni kila usiku kwa amri ya "copy". Amri ya "sync" hufuta kule kilichofutwa huku.

5. Kila mwezi rejesheni baadhi ya mafaili kwenye kompyuta nyengine, muyafungue na muyasome.

Hili la tano ndilo linalosahauliwa. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni dhana tu, na siku ya msiba ndipo hugundulika kuwa nywila imepotea au faili halifunguki.

Mafakihi wamesema mwenye kuwekewa amana halipi kilichopotea ila akivuka mipaka au akizembea. Basi mtawalli aliyeacha hati za waqfu mahali pamoja, naye ana uwezo wa kuzinakili, ajiulize iwapo ataweza kusema hakuzembea.

Wallahu a'lam.