Simu Imeingia Maji: Kipi Ulipie, Kipi Uache

Mdogo wangu alikuwa uani anafua, simu kaitia kwenye mfuko wa gauni. Alipoinama kukamua shuka ikachomoka, ikazama kwenye beseni la maji ya sabuni. Aliipata upesi, na ilikuwa bado inawaka. Kwa furaha akampigia mume wake kumsimulia. Mazungumzo hayajaisha, kioo kikaingia mistari, simu ikazima. Akaichomeka kwenye chaji aone kama itaamka.

Simu ile ingeweza kuokolewa kwa gharama ndogo kama ingezimwa pale pale uani. Maji peke yake hayaui simu haraka hivyo. Kinachoiua ni maji kukutana na umeme. Maji ya bomba yana madini, ya sabuni yana kemikali, ya bahari yana chumvi, na yote hupitisha umeme kati ya njia nyembamba za shaba zilizo kwenye bodi. Umeme ukipita humo, shaba huanza kulika, na baada ya siku chache fundi akifungua anakuta ukungu wa kijani umeota juu yake. Kila dakika simu inapowaka ikiwa na maji ndani, unaongeza bili utakayolipa baadaye. Ukiichomeka kwenye chaji, unaiongeza kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina bei: izime, na ikiwa imejizima yenyewe usiiwashe. Chomoa chaja, vua kava, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kama ni ya betri inayotoka, itoe betri. Ifute, ishike tundu la chaji likitazama chini, igongegonge taratibu kwenye kiganja maji yatoke, kisha iegeshe kivulini mbele ya feni. Usiianike juani wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, maana joto hulegeza gundi inayoziba simu na upepo ule husukuma matone ndani zaidi. Iache siku nzima bila kuigusa.

Hiyo siku nzima ndiyo inayowashinda watu, na sababu naijua: pesa. Mtu ana mzigo wa kulipia, ana ada ya mtoto, na anahisi fedha zake zimezama pamoja na simu. Hazikuzama. Salio la M-Pesa au Airtel Money liko kwenye mitambo ya kampuni, na laini ndiyo ufunguo wake. Ikaushe laini, itie kwenye kitochi cha jirani, utatuma na kupokea kama kawaida. Kitochi cha kuazima kimeokoa simu janja nyingi kuliko dawa yoyote ninayoijua, kwa kuwa kinampa mwenye simu subira.

Sasa mchele. Kila nyumba itakwambia uifukie simu kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bati ndani ya bodi, na vumbi na chembe zake huingia kwenye tundu la chaji. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliwaonya wateja wao wasiutumie kwa sababu ya chembe hizo. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ni afadhali kidogo, na kama unavyo nyumbani vitumie, lakini usipoteze nusu siku kuvitafuta madukani. Feni inatosha.

Kinachoamua kama utasubiri au utakwenda kwa fundi leo hii ni aina ya maji. Maji safi ya kunywa au ya mvua, simu ikiwa imezimwa mara moja, unaweza kusubiri saa 24 hadi 48 kisha ukaijaribu. Soda, chai ya maziwa, maji ya sabuni au ya choo huacha uchafu ndani hata yakikauka, kwa hiyo kukausha peke yake hakutoshi. Maji ya bahari ndiyo mabaya kupita yote. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo ikikauka hubaki juu ya bodi, ikisubiri unyevunyevu wa hewa ya pwani iendelee na kazi. Aliyedondosha simu Coco Beach au kwenye boti ya Unguja asilale nayo. Aipeleke ikafunguliwe siku hiyo hiyo.

Na wenye simu zilizoandikwa IP67 au IP68 wasijiamini mno. IP67 maana yake imepimwa kwenye maji matamu, kina cha mita 1, kwa dakika 30, tena ikiwa mpya. Gundi huchakaa, na simu iliyowahi kufunguliwa kubadilishwa kioo bila kuzibwa upya haina tena kinga hiyo. Simu ya namna hii ambayo bado ni nzima, ikiingia maji ya bahari au soda, isuuze taratibu kwa maji safi kabla ya kuikausha. Isiyo na kinga usithubutu kuifanyia hivyo.

Kwa fundi ndiko pesa inakopotelea, na ndiko nilikopata somo langu. Fundi wa kwanza aliichukua simu ya mdogo wangu, akaipuliza kwa mashine ya hewa moto, akaniambia, "Mama, hii imeua kioo na betri, tuweke vipya." Nililipia vyote viwili. Ikawaka siku tatu, ikafa. Ndani ya bodi hakuna aliyekuwa amegusa.

Tangu siku hiyo nalipia usafishaji kwanza, vipuri baadaye. Swali la kumuuliza fundi ni moja: utasafisha kwa nini, na utaifungua mpaka wapi? Jibu zuri ni kwamba atatenganisha betri, atatoa bodi, atafungua vifuniko vya bati, atasugua kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, au ataitia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ni pungufu, kwani sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Thina hula plastiki na gundi. Mtu anayekwambia atapuliza tu, msalimie uondoke. Na kama betri imevimba, hapo usibishane na bei: inabadilishwa, kwa sababu inaweza kuwaka moto.

Kituo rasmi cha kampuni kina vipuri halisi, lakini usiende ukitegemea waranti. Waranti za kawaida hazifidii maji, na ndani ya simu nyingi kuna kistika cheupe kinachogeuka chekundu kikilowa. Wakikiona, mjadala umekwisha. Mara nyingi watakupa bei ya bodi nzima, inayokaribia bei ya simu nyingine, na bodi ikibadilishwa picha zako zinaondoka nayo.

Tufanye hesabu ya mfano; weka bei za mtaani kwako. Simu ulinunua shilingi 400,000, na kabla ya maji ungeiuza 200,000. Usafishaji 25,000: lipa, hata kama huna uhakika. Fundi akisema baada ya kusafisha bado inataka betri ya 30,000, umefika 55,000, na bado ninakubali. Akiongeza kioo cha 80,000 umefika 135,000, zaidi ya nusu ya thamani ya simu ambayo sasa hakuna mnunuzi makini atakayeitaka. Mimi mpaka wangu ni theluthi moja. Ukivuka hapo, kaongezee ununue nyingine.

Isipokuwa kama unachotafuta ni picha. Hapo hesabu inabadilika, kwa sababu simu za sasa hufunga kumbukumbu zake kwa usimbaji unaotegemea bodi ile ile. Huwezi kuing'oa chipu ukaisoma kwenye simu nyingine. Lazima bodi iamke hata kwa saa moja. Mwambie fundi wazi: "Kaka, sitaki simu, nataka picha." Atakuazima kioo cha kujaribia badala ya kukuuzia kipya, na utalipia kazi ya bodi tu. Kuhifadhi picha mapema ni rahisi mno ukilinganisha: akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, unagharamia bando tu.

Fundi wa pili alimsafishia mdogo wangu bodi vizuri, na simu ikaamka. Kabla ya kulipa tulijaribu maiki, spika, kamera na chaji, mbele yake. Usiku ule ule tukahamisha picha za mama yetu za mwaka wake wa mwisho, zote. Simu ilidumu miezi minne, kisha ikazima. Hatukuirudisha kwa fundi.