Moto wa Nyasi Hauna Cheo

Mvua zinapokoma mwezi wa Desemba, nchi yetu ya Uganda hugeuka rangi. Kutoka Karamoja hadi West Nile, nyasi zilizokuwa kijani hukauka kama karatasi, na jioni moshi huonekana ukipanda kila upande. Mchungaji hutia moto ili ng'ombe wake wapate majani machanga. Mwindaji hutia moto ili wanyama watoke vichakani. Mkulima hutia moto ili shamba liwe safi. Nasi tuvaao magwanda, tuseme ukweli, hutia moto ili kambi ipendeze kabla ya siku ya ukaguzi. Ni moto huu wa mwisho tunaotaka kuuzungumzia leo, kwa sababu mara nyingi huwashwa na wale wale waliopewa kazi ya kulinda sheria.

Sheria yenyewe si ngeni. Tangu mwaka 1974 uchomaji wa nyasi umekatazwa katika Uganda. Katazo hilo lilitolewa kwa amri ya serikali iliyokuwa ikiongozwa na wanajeshi, nalo likabaki katika vitabu vya sheria hata baada ya serikali hiyo kuondoka mwaka 1979. Msingi wake ni rahisi: kuchoma nyasi ni kosa, isipokuwa pale ambapo uchomaji umeidhinishwa na ofisa wa serikali mwenye mamlaka hayo, na moto wenyewe unadhibitiwa. Katika misitu, sheria ya mwaka 2003 nayo haimruhusu mtu kuwasha moto apendapo. Askari asidhani kwamba maneno hayo waliandikiwa raia peke yao, wala kwamba yanaishia kwenye lango la kambi.

Pengine msomaji atauliza: nyasi chache zina hatari gani mbele ya kikosi kizima cha watu wenye nguvu? Jibu tulipewa na ndugu zetu wa Guinea ya Ikweta. Tarehe 7 Machi 2021, katika mji wa Bata, milipuko ilifuatana katika kambi ya jeshi ya Nkoa Ntoma. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto, na zaidi ya 600 walijeruhiwa. Rais Teodoro Obiang alieleza kuwa chanzo kilikuwa uzembe katika utunzaji wa baruti na risasi, pamoja na moto wa wakulima waliokuwa wakichoma mashamba karibu na hapo. Moto wa shamba ulikutana na uzembe wa ghala. Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Sisi wenyewe tulipata somo dogo tulipokuwa kadeti. Tuliamriwa kusafisha ukingo wa uwanja wa mazoezi. Kufyeka kulituchosha, na saa saba mchana mmoja wetu akatoa kiberiti. Dakika chache baadaye upepo ulibadilika, moto ukaruka njia ya miguu na kushika ghala la mtama la mama mmoja mzee aliyeishi jirani. Tulipiga moto kwa matawi mabichi mpaka magharibi. Nyumba yake ilipona, lakini chakula chake cha mwaka kiligeuka majivu. Mama yule hakututukana. Alituuliza tu: "Wanangu, mmetumwa kunilinda na nani?" Tulichanga posho zetu tukamnunulia mtama, lakini swali lake hatujalilipa hata leo.

Makosa yetu siku ile yalikuwa mengi, nayo yanaweza kuepukwa na kila kikosi.

Kwanza, hatukuomba idhini, wala hatukuwaarifu majirani. Mkuu wa kambi anayeona kuwa ni lazima kuchoma na awasiliane mapema na maofisa wa wilaya na chifu wa gombolola, ili kila mtu ajue siku na mahali.

Pili, tulichagua wakati mbaya. Nyasi zikichomwa mwanzoni mwa kiangazi, zikiwa bado na unyevu, moto huenda polepole na miti husalimika. Zikichomwa Februari, moto huwa mkali na huua hata miche. Vilevile saa za asubuhi, umande ukiwapo na upepo ukiwa umetulia, ni salama kuliko mchana wa jua kali.

Tatu, hatukuwa na njia ya kuzuia moto. Kabla ya kiberiti kuwashwa, ukanda wa ardhi ulimwe mpaka udongo uonekane, nyasi zilizokatwa ziondolewe, na watu wenye maji, mchanga, majembe na matawi mabichi wawe wamekwisha kujipanga. Kwenye mlima tahadhari iongezwe, kwani moto hupanda mteremko kwa kasi.

Nne, tuliondoka mapema. Kisiki na kinyesi kikavu cha ng'ombe huweza kufuka moshi siku nzima na kuwaka tena upepo ukija. Zamu ibaki mpaka majivu yapoe.

Karibu na ghala la silaha au mafuta shauri letu ni moja: msichome kabisa. Fyekeni, limeni, na mwondoe takataka, hata kama kazi hiyo itachukua wiki nzima.

Kwa ndugu zetu polisi tunaongeza neno. Kikosi cha zimamoto ni chenu, na mwananchi anayepiga simu 999 au 112 hutafuta msaada wenu. Lakini gari haliwezi kufika kila kijiji kwa wakati. Kwa hiyo askari wa kituo anayepita sokoni na kuwaeleza wazee sheria hii kabla ya kiangazi huokoa nyumba nyingi kuliko yule anayekuja kumkamata mtu baada ya nyumba kuteketea. Naye hatasikilizwa ikiwa moshi unapanda nyuma ya kituo chake mwenyewe.

Moto wa nyasi haupigi saluti wala hautambui nyota begani. Basi tuanze kuutii mwiko huu sisi wenyewe, tukianza na ukaguzi ujao, fyekeo likiwa mkononi na kiberiti kikiwa mfukoni.