Hewa Ipite Wapi? Uunguzaji Bora wa Makaa ya Mawe katika Tanuri la Boila

Meneja wa kiwanda hujua barabara ni tani ngapi za makaa ya mawe zilizoingia langoni mwake, maana hati ya malipo haikosi kumfikia mezani. Lakini ipo malighafi nyingine iingiayo katika tanuri la boila kwa uzito unaoyapita makaa mara kumi na zaidi, nayo haina hati wala mizani. Malighafi hiyo ni hewa. Kilo 1 ya makaa ya mawe ya kiwango cha kati, yaani yenye joto la megajuli 25 hivi, huhitaji kwa kawaida kilo 12 za hewa ili iungue vizuri. Boila inayoteketeza tani 20 za makaa kwa siku hupitisha basi tani 240 za hewa katika siku hiyo hiyo. Kwa kuwa hewa ni bure, ni wachache waulizao imepita wapi, na hapo ndipo hasara nyingi zianzapo.

Dalili inayoonekana na kila mtu ni moshi mweusi utokao katika dohani. Ukitokea, lawama humwangukia mchochea tanuri: ama ni mvivu, ama amejaza makaa kupita kiasi. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mara nyingi mtu huyu anatakiwa kufanya jambo ambalo tanuri alilopewa haliwezi kulifanya. Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza tutazame makaa ya mawe yanavyoungua.

Mkaa wa miti tuutumiao majumbani umekwisha kuchomwa mara moja katika tanuri la mchoma mkaa. Gesi na mafuta yaliyokuwamo katika mti yalitoka huko porini pamoja na moshi wake, na kilichobaki ni kaboni karibu tupu. Ndiyo maana mkaa ulioshika moto huwaka bila moshi. Makaa ya mawe hayakupitia hatua hiyo. Yanapotupwa juu ya moto, huanza kwa kutoa gesi zake: haidrojeni, gesi za jamii ya methani, na mvuke mzito wa lami. Gesi hizo huungua juu ya makaa, angani mwa tanuri, kwa muda mfupi sana kabla ya kuvutwa kuelekea kwenye dohani. Kaboni iliyobaki chini huungua polepole mahali ilipolala. Kwa hiyo mwenye tanuri hachomi kuni za aina moja, bali mbili kwa pamoja, na kila moja ina mahali pake pa kupatia hewa.

Makaa hulala juu ya wavu mzito wa chuma, ambao katika makala hii tutauita chanja. Hewa ipitayo chini ya chanja na kupenya katika makaa tutaiita hewa ya chini. Iingizwayo juu ya makaa ni hewa ya juu. Katika matanuri mengi ya zamani hewa ya chini ndiyo pekee iliyofikiriwa kwa makini. Sasa tuifuate safari yake. Inapokutana na makaa mekundu ya chini, oksijeni yake huungana na kaboni na kuwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikiendelea kupanda katika tabaka nene la makaa yenye moto mkali, hunyakua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Inapofika juu, mahali ambapo gesi za makaa mapya zinaisubiri oksijeni, imebaki nayo kidogo mno. Badala ya kuleta hewa, imeleta gesi nyingine inayohitaji hewa.

Hasara yake ni kubwa. Kilo 1 ya kaboni ikiungua kabisa na kuwa kaboni dayoksaidi hutoa megajuli 32.8 za joto. Ikiishia kuwa kaboni monoksaidi hutoa megajuli 9.2 tu. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo dohani yaweza kuonekana safi kabisa huku ikitapika mali. Ikiwamo sehemu 1 tu katika kila sehemu 100 za gesi zitokazo, joto linalopotea hufikia karibu sehemu 4 katika 100 za joto lote la makaa.

Hapa tunaona kosa linalorudiwa mara kwa mara viwandani. Moshi ukizidi, huamuliwa kwamba hewa haitoshi, na feni ya chini hufunguliwa zaidi, au hununuliwa nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza. Tabaka la makaa hupulizwa kama mhunzi apulizavyo mivukuto yake: hupata moto mkali zaidi, hutoa gesi upesi zaidi, na chembe ndogo za makaa hurushwa juu na kwenda na moshi kabla hazijaungua. Moshi haupungui, na fedha za feni zimekwenda. Hewa ilihitajiwa kweli, lakini si pale ilipopelekwa.

Jambo hili si ugunduzi wa jana. James Watt alipata hataza mwaka 1785 ya tanuri la kula moshi wake, ambamo gesi za makaa mapya zilipitishwa penye makaa mekundu zikiwa zimechanganyika na hewa safi. Mwaka 1840 Mwairishi Charles Wye Williams alianza kutoa kitabu kizima juu ya uunguzaji wa makaa ya mawe, akishikilia kwamba hewa lazima iingizwe pia juu ya moto, tena kwa kupitia matundu mengi madogo. Viwanda vingi havikumjali. Uingereza ilipata sheria ya hewa safi mwaka 1956 tu, baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu katika jiji la London, ingawa sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka katika meko ya majumbani.

Kwa nini matundu madogo na mengi? Kwa sababu gesi na hewa hazichanganyiki kwa kukaa jirani. Hewa iliyoingia polepole kwa mlango mmoja mpana huambaa ukutani hadi kwenye dohani bila kuigusa gesi. Inayofaa ni hewa itokayo kwa nguvu katika mabomba membamba, kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde, ikakata katikati ya ndimi za moto na kuzivuruga. Kwa makaa yenye gesi nyingi, hewa ya juu huwa kama sehemu 10 hadi 15 katika 100 za hewa yote. Wingi wake si mkubwa, kasi yake ndiyo ifanyayo kazi. Tena haina budi kukutana na gesi zingali moto sana. Kila mpishi ameona jinsi sufuria ya maji baridi inavyopata masizi inapowekwa juu ya ndimi za kuni: moto umepozwa kabla ya kumaliza kuungua, na kaboni imebaki. Mabomba ya maji ya boila ni sufuria hiyo hiyo. Ikiwa ndimi za moto zinayafikia zingali zikiwaka, masizi yatayafunika na joto halitapita vizuri kwenda majini.

Baada ya kusema hayo, ni lazima tuonye dhidi ya kosa la upande wa pili, ambalo kwa maoni yangu linagharimu zaidi kwa sababu halionekani. Hewa ikizidi, moshi hutoweka na kila mtu huridhika. Lakini hewa isiyo na kazi huingia tanurini ikiwa baridi na kutoka ikiwa moto, na joto hilo limelipiwa. Tuchukue boila ambayo gesi zake hutoka zikiwa na nyuzi 250 za Selsiasi, na hewa ya nje ina nyuzi 25. Hewa ikizidi mahitaji halisi kwa asilimia 40, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa tanuri la chanja, joto liendalo na gesi hizo ni sehemu 12 hivi katika 100. Hewa ikizidi kwa asilimia 100, hasara hupanda hadi sehemu 16. Kwa boila yetu ya tani 20 kwa siku, tofauti hiyo ni karibu tani 1 ya makaa kila siku, na dohani haitoi hata uzi wa moshi wa kumshtua meneja.

Kwa hiyo jicho pekee halitoshi, gesi zipimwe. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa kifaa cha Orsat, chenye mirija ya kioo na maji ya dawa tatu: ya kwanza hufyonza kaboni dayoksaidi, ya pili oksijeni, ya tatu kaboni monoksaidi. Siku hizi vipo vipima vya umeme vinavyoonyesha oksijeni papo hapo. Hesabu yake ni nyepesi: kiasi cha oksijeni kilichopimwa hugawanywa kwa 21 toa kiasi hicho. Oksijeni ikiwa 6 katika 100, tunagawanya 6 kwa 15 na kupata hewa iliyozidi kwa asilimia 40. Ikiwa 10.5, hewa imezidi maradufu. Kaboni monoksaidi ikionekana pamoja na oksijeni nyingi, tatizo si uhaba wa hewa bali ni kutochanganyika, na hakuna feni itakayoliponya.

Kipimo kichukuliwe karibu na mahali gesi zinapotoka tanurini, maana njiani kuna wezi. Nyufa za matofali, milango isiyofunga vizuri na viungo vilivyolegea huvuta hewa baridi kila palipo na mvuto wa dohani. Tanuri halihitaji mvuto mkubwa. Mvuto wa milimita 1 au 2 za maji, ukipimwa juu ya makaa, hutosha kuzuia moto usitoke mlangoni. Kizidicho hapo huvuta hewa ya nyufani. Mwali wa mshumaa ukipitishwa kandokando ya kuta wakati boila inafanya kazi utainama kuelekea kila ufa, na udongo wa kuzibia ni wa bei nafuu kuliko makaa.

Juu ya chanja lenyewe kuna mengi ya kutunza. Hewa hufuata njia nyepesi: penye makaa machache hupenya kwa wingi, na penye rundo haipiti. Makaa yatandazwe sawasawa; atumiaye koleo atupe kidogo kidogo na mara kwa mara, badala ya kujaza na kwenda kupumzika. Vumbi likizidi huziba nafasi, na katika machanja yatembeayo kwa mashine husaidia kuyalowesha makaa kidogo ili chembe zishikamane. Machanja hayo hugawanywa vyumba chini yake, kila kimoja na kilango chake cha hewa. Katikati, penye moto mkali, panahitaji hewa nyingi. Mwanzoni, ambapo makaa yanashika moto, na mwishoni, palipobaki majivu, panahitaji kidogo. Vilango vyote vikiachwa wazi sawasawa, kama ilivyo kawaida, hewa hukimbilia kwenye majivu. Makaa ya miamba ya Karoo, kama yachimbwayo Ngaka mkoani Ruvuma tangu 2011, kwa kawaida yana majivu mengi, na majivu yakiyeyuka kwa moto usiotulia huwa mabonge yanayoziba chanja.

Wenye boila katika nyanda za juu wana hesabu ya ziada. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko mita moja ya ujazo ya hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu 18 katika 100 kuliko ya Dar es Salaam yenye joto lile lile. Feni iliyotosha pwani haitatosha huko. Mvuto wa dohani nao hupungua kwa kiasi hicho hicho: dohani ya mita 30 inayovuta milimita 15 za maji usawa wa bahari itavuta 12 tu. Wahunzi wa Ufipa waliujua mvuto wa dohani vizuri, maana matanuri yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyeyusha chuma bila mivukuto, kwa hewa iliyojivuta yenyewe kwa matundu ya chini.

Buhaya nako kulizusha mjadala. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa huko waliingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, na hivyo hewa ilipata joto kabla ya kufika motoni. Wataalamu wengine wamelipinga dai hilo. Lakini kanuni yenyewe haina ubishi: hewa ikipashwa moto kwa gesi ziendazo kwenye dohani, kila nyuzi 20 huokoa karibu sehemu 1 katika 100 za makaa. Mipaka ipo. Chanja hupozwa na hewa hiyo hiyo, na ikipashwa mno vyuma vitaungua. Gesi nazo zikipozwa kupita kiasi, salfa iliyomo hugeuka asidi na kula mabati.

Limebaki jambo la usalama wa mchochea tanuri. Usiku, moto unapofunikwa kwa makaa mapya na vilango kufungwa, makaa huendelea kutoa gesi na kaboni monoksaidi, nazo hujaa tanurini. Asubuhi mtu akifungua mlango ghafla, hewa huingia, na gesi iliyokusanyika yaweza kulipuka usoni pake. Kwa hiyo kilango cha dohani kisifungwe kabisa hata usiku. Asubuhi afungue kwanza kilango hicho wazi, kisha hewa ya juu, asubiri dakika kadhaa akiwa amesimama kando ya mlango wala si mbele yake. Ndipo aichokoe moto na kuifungua hewa ya chini, kidogo kidogo.